Kamba ya Mahudhurio

Barua ilisomwa asubuhi kabla ya kengele, katika chumba cha walimu. Mwalimu mkuu aliisoma mara moja, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza zamu za usafi: kambi zote na mikutano yote ya skauti imesitishwa hadi itakapotangazwa tena. Malori yalihitajika kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa, chakula kilihitajika huko huko, na vijana walihitajika mashambani. Alipomaliza aliikunja, akanitupia jicho, maana kati ya walimu wote waliokaa pale ni mimi tu niliyekuwa na skauti.

Ngoja niseme mapema nisije nikajipamba: mimi sikujaliwa subira. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la tano hapa Tabora mjini, sijaolewa, naishi na mama yangu mjane aliyekuwa akishona foronya na mashuka ya maharusi. Kundi la skauti la mtaa wetu nilikabidhiwa kwa muda tu, mwalimu wa kiume aliyekuwa nalo alipohamishwa. Hiyo "kwa muda" ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, kwa sababu hakuna mwanamume aliyetaka kushinda juani Jumamosi nzima akifundisha watoto kuwasha moto kwa njiti moja ya kiberiti. Mimi nilitaka. Nilipenda Jumamosi kuliko siku zote za juma, na yeyote aliyeniambia kazi ile si ya mwanamke nilimwambia aje achukue filimbi, na hakuja.

Lakini kundi lenyewe lilikuwa limeshapukutika kabla hata ya barua. Wazazi wengi walikuwa wamehamishwa. Waliondoka juu ya malori pamoja na magodoro na kuku, wengine wakaacha hata milango wazi. Kutoka watoto ishirini na kitu walibaki sita walioniambia wanataka kuendelea. Ndugu wawili walikuwa wamepelekwa na baba yao Kigwa, mmoja yuko Urambo, mmoja Lusu kule Nzega, na wawili bado wapo mjini. Yule wa Lusu, siku anaondoka, alisimama kwenye ubao wa lori huku skafu yake imekunjwa mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, nikishafika huko bado ni skauti?" Nikamwambia ndiyo. Sikumwambia labda, wala tutaona. Nilimwambia ndiyo mbele ya mama yake, na lori likaondoka.

Kwa hiyo barua ile ilinikuta na deni la neno. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu mkuu, barua inakataza kukusanyika. Haikatazi kuhudhuria."

"Mtu atahudhuria vipi bila kukusanyika?"

"Hilo niachie mimi."

"Usinichezee Kiswahili, mwalimu," alisema, na wenzangu wakacheka. Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwa ndani ya barua. Afisa wa vijana wa wilaya angepita mwisho wa muhula na daftari lake. Kundi lisiloweza kuonyesha watu sita kwa miezi mitatu mfululizo lingefutwa. Likifutwa, wale watoto sita wangekuwa hawana ahadi, hawana daraja, hawana chochote, na stoo tuliyoazimwa na shule ingewekwa mbolea. Nikamuuliza kama afisa anajua kwamba mikutano anayotaka kuihesabu ameipiga marufuku yeye mwenyewe. Mwalimu mkuu akasema anajua, na kwamba nikitaka kugombana nikagombane ofisini kwa afisa. Nilikwenda. Afisa alinisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Ndugu Mwalimu, wewe nionyeshe mahudhurio. Namna utakavyoyapata ni shauri lako. Ila nikisikia umewakusanya, tutakosana."

Nilitoka pale damu inanichemka. Nilitembea mpaka stesheni bila sababu, nikakaa kwenye benchi nikitazama vibarua wakifunga turubai juu ya mabehewa. Niliwaza kuwataka waniandikie barua. Lakini barua mtoto anaweza kuandikiwa na dada yake, na jina lako yeyote anaweza kulitia. Skauti nilimfundisha kwa mikono. Nikawatazama wale vibarua wakivuta kamba, kila mmoja na namna yake ya kulimaliza fundo, hata ungekuja baadaye ungejua hili kafunga yule mrefu na hili kafunga yule mwenye kofia. Hapo ndipo nilipopata.

Nilinunua kamba ya katani, nikaikata vipande vitatu, kila kimoja pima mbili. Kipande kimoja kwa mwezi mmoja. Kamba ingetoka kwangu, ikapita kwa wale wawili wa mjini, ikapanda treni kwenda Kigwa, ikarudi, ikapita kwenda Urambo, ikarudi tena, kisha ikachukuliwa na lori la pamba mpaka Lusu. Kila mmoja angefunga fundo moja, fundo la mwezi huo, asiliguse la mwenzake. Mafundo sita, watu sita, mkutano umetimia. Ilikuwa njia ile ile ya mizigo ya zamani, kabla ya reli, wapagazi walipokuwa wakilala Kigwa na kuingia mjini siku ya pili, tofauti ni kwamba mzigo wangu ulikuwa mwepesi.

Gadi wa treni alikuwa mtu mnene wa Kigoma, anayependa utani. Aliipima kamba mkononi.

"Dada mwalimu, hii ni barua au mzigo?"

"Ni mkutano."

"Mkutano mzima huu? Na tiketi je?"

"Mkutano ni wa watoto, bwana gadi. Watoto nusu."

Akaitia mfukoni mwa koti, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Watoto walijua siku ya treni yake. Walikwenda wenyewe stesheni, wakaipokea dirishani, wakaenda nayo kufunga, na treni ya kurudi ilipopita wakairudisha. Ndugu wawili wa Kigwa walinitumia salamu kwamba mwezi wa kwanza walipigana ngumi kwa sababu kila mmoja alitaka fundo lake litangulie. Nilifurahi kusikia wamepigana. Ilikuwa kama Jumamosi.

Mwezi wa kwanza niliwapa kitanzi cha kumfungia mbuzi shingoni asijinyonge. Kamba ilirudi na vitanzi sita, na cha Urambo kimegeuka upande kwa sababu mwenyewe anatumia mkono wa kushoto. Niliishika kamba ile nikiwa peke yangu stoo, nikalia, sioni haya kusema. Mwezi wa pili nikawapa fundo la nane, lile linalojikunja kama tarakimu yenyewe. Safari hii ilinukia tumbaku, maana Urambo walikuwa katikati ya kukausha, na ilikawia sana Lusu kwa ajili ya matope. Nilikwenda stendi ya malori siku nne mfululizo, wapakiaji wakaanza kunitania kwamba mchumba wangu amenikimbia na pamba. Siku ya tano ikaja. Nikazitundika zote mbili kwenye msumari mmoja.

Mwezi wa tatu nilijitia ubunifu. Niliwaambia wasifunge fundo langu, wafunge fundo walilojifunza huko walipo sasa, kwa mtu wa huko. Nilitaka waone kwamba hawakutupwa, kwamba kila mahali pana wa kumfundisha skauti kitu. Wa mjini mmoja akafunga la mafundi baiskeli la kubania mzigo kwenye keria, mwenzake la wachinjaji la kutundikia paja. Kigwa yakaja mawili: moja la vibarua wa reli, moja la warina asali, la kushushia mzinga taratibu usije ukapasuka. Wa Urambo akafunga lile la kuning'iniza majani ya tumbaku kwenye fito. Matano hayo niliyaona kwa macho yangu, kamba ilipokuwa ikipita mjini. Nikaipa lori la Lusu, nikahesabu siku. Afisa alikuwa amepangiwa kuja Alhamisi.

Jumatano mchana, mimi nikiwa na darasa langu katika shamba la shule, utingo wa lori alifika nyumbani, akabisha hodi, akamkabidhi mama kifurushi, akasema kimetoka mbali, ni cha binti yako, akaondoka.

Mtoto wa Lusu hakuwa na karatasi. Alikuwa ameifunga kamba katika kipande cha kaniki, nguo nyeusi ambayo mama yake alikuwa akivaa shambani. Ndani alikuwa ametia tonge la pamba, la mavuno yao ya kwanza kule kijijini, aniamkie nalo. Mama yangu akakifungua. Akaona nguo nyeusi, akaona pamba, na watu wa mjini kwetu wanajua pamba inatiwa wapi mtu akifa. Akaona kamba yenye mafundo sita, kila moja la aina yake, hakuna hata moja alilopata kuliona maishani mwake.

Lazima nieleze mama alikuwa anafikiri nini. Kwa miaka minne watu walikuwa wakija kuniposa na mimi ninakataa. Wa mwisho, watu wa mtaa wa pili, walikuwa bado wanangoja jibu. Mama alikuwa akishonea maharusi wa wenzake, anatarizi maua kwenye foronya za mabinti aliowaona wakizaliwa, na wa kwake yuko stoo na filimbi. Kwetu msichana wa namna hiyo hasemwi amekataa. Anasemwa amefungwa. Mtu mwenye husuda amechukua uzi au kamba, akafunga mafundo, akayapulizia, na riziki yake ya ndoa ikakaa humo ndani mpaka yafunguliwe. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anajua habari za mafundo ya kupuliziwa. Na sasa haya, mafundo yenyewe, yameletwa mlangoni kutoka Usukuma, kwa jina langu.

Hakupiga kelele. Alijitanda baibui, akakishika kifurushi kwa ncha za vidole, akaenda nacho kwa mwalimu wa chuo nyuma ya msikiti.

Niliporudi na jembe langu nilikuta mlango umefungwa, na jirani akanieleza kwa furaha ya wazi kabisa mama amekwenda wapi na amebeba nini. Sikumbuki kama nilimuaga. Nilikwenda kwa miguu ya haraka, nikafika kibarazani kwa mwalimu wa chuo nikihema. Alikuwa mtu wa makamo mwenye pumu, mcheshi, aliyenifundisha alifu kwa ujiti nikiwa na miaka sita. Alikuwa ameketi mkekani, beseni la maji kando, msumari mkononi, anasoma kwa sauti ya chini huku anachokonoa. Mama ameketi pembeni, uso umemshuka. Kamba ilikuwa imenyooka karibu yote.

"Shikamoo shehe," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Mshukuru Mungu. Matano yametoka. Hili la sita ni la mtu mjuzi, linanisumbua."

"Shehe, hayo ni mahudhurio."

"Mahudhurio ya nani?"

"Ya skauti wangu. Wako Kigwa, Urambo na Lusu. Kila fundo ni mtoto mmoja. Afisa anakuja kesho kuwahesabu."

Akautazama msumari wake. Akaitazama kamba, pale penye mikunjo ya mafundo aliyokuwa ameyafungua kwa uangalifu mkubwa, moja moja, kwa muda wa saa nzima.

"La haula," akasema taratibu. "Basi nimewatoa mkutanoni watoto wa watu."

Ningecheka siku nyingine. Siku ile nilitaka kupasua beseni. Mama akasema, "Usimsikilize, shehe. Aliyefungwa hajijui. Malizia." Mwalimu wa chuo akawa katikati yetu, anatazama huku na huku, mwisho akaiweka kamba chini, akasema hilo la sita yeye limemshinda, na kama ni mahudhurio au ni jingine, litamalizwa nyumbani kwetu.

Tulirudi, mama mbele, mimi nyuma na kamba. Jua lilikuwa bado kali. Uani nikaketi kwenye kigoda nikalitazama lile fundo kwa mara ya kwanza. Lilikuwa mwishoni mwa kamba, refu kama shibiri, limesukwa kitanzi ndani ya kitanzi kama mnyororo. Nikalitambua mara moja. Ni la wapakiaji wa malori, wanavyofupisha kamba ndefu isiburure. Ukichokonoa katikati litakukaba mpaka kesho. Lakini ukitoa ncha kwenye kitanzi cha mwisho, ukavuta, lote linafumuka kwa mkupuo mmoja. Mtoto wangu wa Lusu alikuwa amejifunza kwa watu wa pamba, na kajifunza vizuri, limelala sawasawa kuliko ambavyo ningelilaza mimi.

Mama hakutaka kuketi. "Ama ulifungue mbele yangu," alisema, "ama ulitoe ndani ya nyumba yangu ulale nalo huko."

Nilijua lile fundo ndilo ushahidi pekee nilioubakiza. Kwa fundo lile moja ningeweza kumwambia afisa, tazama, haya mengine yalikuwepo kama hili. Nilimtazama mama. Alikuwa amejibanza ukutani. Mwanamke aliyezika mume na watoto wawili bila kuyumba mbele za watu alikuwa anaogopa kipande cha katani kwa ajili yangu. Moyo uliniuma, na hasira nazo zikanibana hapo hapo, sikujua lipi litangulie.

"Njoo ushike," nikamwambia.

"Sishiki."

"Shika ncha, mama. Ukivuta likakataa, mimi kesho nakwenda kwa waganga wote unaowajua wewe, kuanzia hapa mpaka Ujiji."

Akashika kwa vidole viwili. Akavuta. Mnyororo ukafumuka wote, kitanzi baada ya kitanzi, kamba ikaanguka miguuni mwake imenyooka. Akaruka nyuma kidogo. Kisha akaisogeza kwa kidole cha mguu.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

"Ni hivi tu."

"Hakuna aliyekufunga."

"Hakuna."

"Basi mbona huolewi?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa miaka minne kwa kuzungukazunguka: nasubiri uhamisho, huyu ana mke, yule ana mdomo. Siku ile sikuwa na nguvu ya kuzunguka.

"Kwa sababu nimekataa, mama. Sijafungwa na mtu. Nimekataa mwenyewe, na akili zangu."

Nadhani ingekuwa nafuu kwake kama ningekuwa nimefungwa, maana fundo lina pa kupelekwa. Aliingia ndani, akakaa. Baadaye alitoka na chai, akaiweka mbele yangu, akaitazama kamba pale chini.

"Hayo mafundo wewe si unayajua?"

"Matano niliyaona. La sita ndilo hili."

"Basi yafunge. Nani atajua?"

Ningeweza kuyafunga yote kabla chai haijapoa. Hata lile la Urambo, ningeligeuza upande wa kushoto. Nilimwambia mama kwamba nikifunga mimi itakuwa nimewaandika watoto sita katika mkutano waliofukuzwa, na kwamba nimewafundisha wao wasitie mkono kwenye fundo la mwenzao. Akasema mimi ni mjinga. Nikasema sawa.

Alhamisi afisa alikuja na suruali iliyopigwa pasi na daftari kubwa kwapani. Mwalimu mkuu alimleta mpaka stoo. Niliweka kamba tatu juu ya meza. Afisa alishika ya kwanza, akaigeuza, akacheka, akauliza hiki cha upande huu ni cha nani, nikamweleza habari za mkono wa kushoto. Akashika ya pili akainusa, akasema Urambo. Niliona ameipenda. Alikuwa mtu kama mtu mwingine, na alitaka kunipitisha. Kisha akashika ya tatu.

"Hii mbona tupu?"

Nikamweleza yote, kaniki, pamba, chuo na msumari. Mwalimu mkuu alikuwa anauma midomo asicheke. Afisa hakucheka. Aliiweka kamba mezani kwa upole zaidi ya alivyoichukua, nikaona amejifuta vidole kwenye suruali.

"Ndugu Mwalimu," akasema, "mimi nakuamini. Lakini daftari linataka sita. Hebu yafunge hapa, mimi natazama nje dirishani. Nikigeuka nitahesabu ninachokiona, tumalize."

Na kweli aligeuka. Nilitazama mgongo wa mtu yule na mikono yangu ilikuwa inawasha. Mwalimu mkuu akanikonyeza, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya kazi. Dakika tatu tu zingetosha.

"Geuka, ndugu," nikamwambia. "Sifungi."

"Kwa nini?"

"Si mafundo yangu. Ukitaka sita, niruhusu niwaite, uwahesabu vichwa. Umekataza wasije, halafu unaniambia niwatie mimi. Andika ulichokiona."

"Nikiandika nilichokiona kundi linafutwa."

"Andika."

Akaifungua kalamu polepole, kama anayengoja nirudi nyuma. Sikurudi. Akapiga mstari. Nilimwomba anionyeshe, akanionyesha, mstari ulionyooka juu ya jina la kundi letu. Nikakabidhi ufunguo wa stoo, nikachukua kamba zangu na filimbi, nikaenda kufundisha hesabu za sehemu darasa la tano. Kipindi kile nilichapa ubao kwa chaki mpaka chaki mbili zikakatika.

Nyumbani nilimwambia mama neno moja, "Limefutwa." Akauliza afisa alisemaje, nikamsimulia, hata habari ya dirisha. Akanitazama kama anayetazama mtu mgeni ndani ya nyumba yake. Nilifikiri atasema tena mimi mjinga. Aliuliza tu, "Alikupa nafasi, na wewe hukufunga?" Nikasema sikufunga. Akaendelea na sindano yake.

Jumamosi niliamka nikakosa ile kamba tupu pale nilipoitundika. Na mama hayupo. Nikajua amekwenda kuichoma au kuitupa, nikavaa viatu nikatoka, na safari hii nilikuwa nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia.

Nilimkuta stendi ya malori. Amejitanda, amesimama mbele ya lori la Nzega, anabishana na dereva, wapakiaji wote wamewazunguka. Kamba ilikuwa mkononi mwake. Dereva alikuwa amerudisha mikono nyuma.

"Mama, nisamehe," alikuwa anasema. "Kamba hii mji mzima umeshaisikia. Mimi nina watoto."

"Hii ni ya mkutano. Mpelekee yule mtoto wa Lusu, afunge upya, wenziwe nao watafunga."

"Wasemao wanasema ilifika kwa shehe ikamshinda."

"Mimi ndiye niliyeipeleka kwa shehe," mama akasema. "Na mimi ndiye niliyekosea." Akaishika kamba mbele ya wanaume wote wale, akaifunga fundo moja pale mwanzoni, fundo la kawaida analomalizia uzi, akalikaza kwa meno. "Haya. Hili nimefunga mimi. Kama lina ubaya, utanianza mimi. Chukua."

Dereva akaichukua. Mmoja wa wapakiaji, Msukuma mtu mzima, akamwamkia mama kwa heshima, "Mwangaluka, mayu," na wenzake wakarudi kwenye pamba yao. Kamba ile ilizunguka ikarudi na mafundo saba, na nyingine zikafuata, miezi mingi, bila jina letu kuwa katika daftari la mtu, mpaka siku kambi ziliporuhusiwa tena na sita wangu wakashuka kwenye treni na malori wamevaa skafu. Hatukumwomba afisa atuandike. Alikuja mwenyewe na daftari, nikamngojesha mpaka watoto wamalize kupika.

Lakini asubuhi ile ya stendi mimi bado nilikuwa na maneno yangu yote kooni, na sina pa kuyapeleka. Tulirudi pamoja, mama akitembea polepole kwa sababu ya magoti. Tulipokaribia kwetu alisimama kujipumzisha, akashika ukuta wa watu.

"Wale wa mtaa wa pili nitawajibu leo," akasema.

"Utawaambia nini?"

Alijitengeneza ushungi kwanza, akaanza tena kutembea.

"Nitawaambia umekataa."